Naomba ushauri: maikrofoni ipi inafaa chumba chenye paa la bati?

Mwana wa Chumbageni:
Ndugu wadau, salaam. Nimedunduliza shilingi 800,000 za vifaa vya kurekodia nyumbani hapa Tanga. Ninakusudia kumrekodi mama yangu mkubwa anapoghani mashairi, pamoja na udi ninaoupiga mwenyewe. Muuzaji mmoja amenishauri nitumie karibu fedha zote kwa maikrofoni ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, eti mengine yatafuata. Sebule yetu ina bati lisilo na dari na sakafu ya saruji. Je, katika hali hii ubora wa kifaa una uzito kiasi gani?

Fundi Mitambo:
Ndugu, shika fedha zako kwanza. Kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, yaani kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, kwa hiyo ukimaliza akiba kwenye maikrofoni pekee utakuwa umenunua pambo la mezani. Isitoshe, itanasa jogoo, bodaboda na mwangwi wa kuta, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu sana kuutoa. Tandika mkeka, simamisha godoro nyuma ya mghani, kisha nunua maikrofoni ya dainamiki, isiyohitaji umeme huo, kama Shure SM58, ambayo ipo sokoni tangu 1966. Ila uwe macho, kwani bandia zake ni nyingi. Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani ziache jikoni, hazizuii kelele.

Sikio la Pwani:
Kuhusu godoro sina ubishi, lakini kuhusu dainamiki natofautiana na Fundi. Kinacholeta mwangwi zaidi ni umbali: dainamiki huonekana safi kwa sababu watu huisogeza mdomoni, ilhali kondensa huwekwa mbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mghani huongezeka kwa takriban desibeli 6, na mwangwi hubaki karibu ulivyokuwa. Dainamiki nayo hutoa mawimbi dhaifu. Kwa mtu mzima mwenye sauti ya upole utalazimika kupandisha geini, yaani kiwango cha kukuza mawimbi hayo, hadi mwisho, na hapo kadi hafifu huanza kutoa mchakacho kama wa mvua ya mbali. Ubora wa kadi hauonekani dukani, huonekana hapo.

Mwana wa Chumbageni:
Nashukuru. Jana baada ya Isha nilimrekodi kwa simu sebuleni, kisha chumbani kwake, penye kitanda na kabati lililojaa kanga. Simu ni ileile, lakini ya chumbani ungedhani imetoka studio, isipokuwa mbwa mmoja. Nitagawa fedha: kondensa ya bei ya wastani, kadi ya sauti, stendi na hedifoni za kufunika masikio. Udi niuwekeeje?

Sikio la Pwani:
Anza na sentimita 30 hivi, ukiielekeza maikrofoni pale shingo inapoungana na tumbo la udi. Usiielekeze kwenye tundu, kwa maana besi itavuma na kufunika nyuzi nyembamba.