Projekta ya kujitengenezea: skrini nitumie nini?

Wakuu, naomba ushauri. Nimeunda projekta kwa kioo cha LCD cha inchi 7 nilichokitoa taa yake ya nyuma, LED ya wati 100, lenzi mbili za Fresnel (lenzi bapa zenye mistari ya duara, za kukusanya mwanga) na lenzi moja ya mbele. Picha inatoka (mwanzoni ilikuwa kichwa chini miguu juu, nikageuza kioo tu), ila ni hafifu. Najua kioo chenyewe kinameza zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo huo unaobaki sitaki upotee.

Skrini ndiyo imenishinda. Shuka jeupe linavujisha mwanga upande wa pili. Nilipoweka kitambaa cheusi nyuma yake, sehemu nyeusi za picha zikapendeza lakini mwangaza ukapungua. Rangi ya fedha ndiyo kituko: katikati inawaka, pembeni giza, na aliyekaa ubavuni anaambulia vivuli. Hadi sasa ukuta wa rangi nyeupe isiyong'aa unaongoza.

Je, kijivu hafifu kitasaidia, au kwa taa dhaifu hivi nitazidi kuua mwanga? Na kuna aliyejaribu turubai la mabango, ule upande usiong'aa? Joto si tatizo, feni ninayo.