Naomba ushauri: Wing Chun inasaidia kweli ukikutana na mtu anayejua kupiga?

Mzigo_wa_Kontena
Wakuu, habari za mida hii. Nipo Guangzhou mwaka wa sita, nakusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Miaka mitatu iliyopita nilianza kujifunza Wing Chun, aina ya kung fu, kule Foshan, mji wa jirani, kwa mzee mmoja, kila wikendi. Nimemaliza Siu Nim Tao na Chum Kiu, yaani mfuatano wa kwanza na wa pili wa mazoezi, sasa niko kwenye ule mti wa mazoezi wenye mikono mitatu na mguu mmoja. Hata mgongo uliokuwa unanisumbua kwa kubeba maboksi umetulia.
Swali langu ni moja tu. Mtu wa Wing Chun akikutana na mtu anayepiga ngumi kwelikweli, itamsaidia? Nijibuni mnaojua, msinipe habari za sinema. Siku hizi silali vizuri.

Babu_Shotokan
Kijana, mimi nilianza karate mwaka 1983, tunafanyia kwenye sakafu ya simenti, pekupeku. Miaka sita. Siku moja niko stendi, kibaka kanipora begi. Badala ya kumpiga nikajipanga mguu mbele mguu nyuma kama mwalimu ananiangalia. Nilipomaliza kujipanga kibaka keshafika barabarani. Konda ndiye aliyemdaka. Lile begi lilikuwa na vyeti vyangu vyote vya shule, na vyeti wakati ule ukipoteza umepotea. Nilifuatilia nakala miezi minane, nenda rudi...

Jabu_Moja
Babu, ya vyeti tutakuja. Mleta uzi, nakujibu. Wing Chun ni sanaa ya karibu: viwiko ndani, unalinda mstari wa kati wa mwili, unapiga na kukinga kwa wakati mmoja. Hong Kong miaka ya 1950 vijana walikuwa wanapigana juu ya mapaa ya nyumba, na mwanafunzi wa Ip Man, yule mwalimu maarufu wa Wing Chun, aitwaye Wong Shun Leung, alijijengea jina huko. Ila kabla ya hapo alishacheza ngumi za kawaida, alijua kupigwa kukoje. Bruce Lee naye alipitia kwa Ip Man, lakini baada ya pambano lake la Oakland mwaka 1964 akaanza kuibadilisha sanaa yake. Mwaka 2018 Xu Xiaodong, yule anayepigana na mabingwa wa kung fu za asili, alikutana na Ding Hao wa Wing Chun na kumwangusha mara kadhaa. Kwa hiyo mimi nauliza: huyo mzee wako anakupiga?

Mzigo_wa_Kontena
Tunafanya chi sao, mkuu, zoezi la watu wawili mikono imegusana. Hapo sishikiki kirahisi. Kupigana kwa glovu hatujawahi.

Mama_Imani
Mwanangu, umekwenda ugenini kutafuta riziki. Ngumi za nini? Mtu mzima akitukanwa anainuka anaondoka. Piga magoti usali, usingizi utarudi.

Jabu_Moja
Mtu hakosi usingizi kwa swali la kawaida. Nani anataka kukupiga?

Mzigo_wa_Kontena
Sawa, nisifiche. Kuna mpwa wa mwenye godauni ninalopakilia. Anacheza sanda, mchezo wa mapigano wa Kichina. Alisema mbele ya wapakiaji kwamba mzee wangu anafundisha dansi. Yule mzee ana miaka 71 na hajawahi kunidai hela mwezi ambao mambo yangu yamekwama. Nilishindwa kuvumilia. Tumekubaliana raundi tatu za dakika mbili, zimebaki siku 16. Mzee hajui. Msinishauri niahirishe, neno langu nimeshatoa. Nataka mbinu tu.

Kijiwe_Cha_Kahawa
Mbinu ni kukimbia, na wewe una mguu wa godauni 😂

Jabu_Moja
Sanda ina ngumi, mateke na kubebwa juu ukatupwa chini. Jukwaa lao rasmi liko sentimeta 80 kutoka sakafuni na halina kamba. Ukisukumwa unaanguka chini kabisa. Wewe hujavaa glovu hata siku moja.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Kaka, una ugonjwa wowote? Umewahi kupasuliwa?

Mzigo_wa_Kontena
Afya yangu nzuri, dada.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Sijakuuliza kama unajisikia vizuri. Umewahi kupasuliwa?

Mzigo_wa_Kontena
Jicho la kushoto, mwaka 2021. Retina ilibanduka, wakairudisha. Daktari alisema nijihadhari na kupigwa kichwani. Lakini dada, Wing Chun kazi yake ndiyo hiyo, kulinda mstari wa kati. Ngumi haifiki usoni. Na nitamwambia tupunguze nguvu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hilo ndilo lilikuwa swali lako tangu mwanzo na umetuzungusha siku mbili. Retina ni utando mwembamba nyuma ya jicho. Iliyobanduka mara moja inaweza kubanduka tena, na ngumi haihitaji kuwa nzito. Sugar Ray Leonard, bingwa wa dunia, alipasuliwa kwa tatizo hilo hilo mwaka 1982, tena yeye kukwepa ngumi ndiyo ilikuwa kazi yake. Nimewahi kumshika mkono mgonjwa wa aina yako nikimpeleka chooni. Alikuwa fundi seremala, miaka 34.

Mkongwe_wa_Xiaobei
Wakuu, hii chai. Niko Xiaobei, mtaa wa hapa hapa Guangzhou, tangu 2011. Wikendi ndiyo siku za kupakia kontena, huyu anakwenda Foshan saa ngapi? Kwanza mgongo, halafu ugomvi, sasa jicho. Kesho ataleta figo. Taja njia unayopita.

Kijiwe_Cha_Kahawa
Chai ya tangawizi. Nilishanunua na maandazi.

Mzigo_wa_Kontena
Natoka Xiaobei kwa treni ya laini namba 5, nabadili Yangji, laini namba 1 mpaka mwisho Xilang, hapo naingia ya Guangfo nashuka Zumiao. Ni saa 12 asubuhi natoka, saa 6 mchana niko godauni. Ukibisha tuonane leo, uje na glovu.

Babu_Shotokan
Hayo ni maneno ya mtu anayepanda treni kweli.

Mkongwe_wa_Xiaobei
Nimeonana naye. Naomba radhi mbele ya wote, mtu yupo na kovu la kazi mikononi lipo. Mimi nilicheza ngumi za ridhaa Temeke zamani, basi tukapanda juu ya paa la jengo ninalokaa.
Kwanza tukagusanisha mikono kama wanavyofanya wao. Sikumweza. Mkono wake ukishakugusa unanata kama ulimbo, nikisukuma anapotea, nikirudi nyuma kiganja chake kiko kifuani kwangu. Kwa hilo nampa heshima na mzee wake pia.
Halafu nikarudi hatua mbili, nikaanza jabu, ngumi nyoofu za mkono wa mbele, za taratibu, za kugusa begani na kifuani tu, uso nimeuacha. Kati ya 20 zilimgusa 13. Anaisubiri mikono igusane, na mimi simpi mkono wa kugusa, nautoa na kuurudisha. Zilizotoka upande wake wa kushoto hakuinua hata kiganja. Nilimuuliza, "Hii hukuiona?" Akaniambia, "Ipi?"

Jabu_Moja
Hapo ndipo penyewe. Sanaa yake inafanya kazi baada ya kugusana. Mtu wa sanda hatamruhusu afike, au atafika kwa kumbeba. Ingekuwa miezi minane na macho mawili ningesema vaa glovu, tafuta watu wa kukupiga, Wing Chun yako itafunguka.

Mzigo_wa_Kontena
Nimemwandikia yule jamaa ujumbe kwenye WeChat kwamba sitacheza. Sijautuma bado. Nikifikiria wapakiaji watakavyonitazama Jumatatu, kidole kinagoma.

Mama_Imani
Tuma, mwanangu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Achana na ujumbe kwanza. Tangu mlivyokuwa kwenye paa, umeona mwanga kama radi pembeni ya jicho? Kivuli kama pazia? Vidoa vinavyoelea?

Mzigo_wa_Kontena
Vidoa vipo siku zote, dada.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Nauliza vipya.

Babu_Shotokan
Kijana, jibu.

Mzigo_wa_Kontena
Niko hospitali, foleni ya macho. Mbele yangu wamebaki wanne. Mkongwe amekaa pembeni yangu, ndiye anayeniandikia, mimi wameshaniwekea dawa ya matone.