Walioacha sigara, tupeane uzoefu: siku ya ngapi inauma, na ufanye nini

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Nyuzi za "nilivuta miaka kumi na tano, nikaacha kwa neema ya Mungu" zipo tele na zinatia moyo, ila hazimwambii mtu anayetetemeka saa tisa usiku afanye nini. Humu tuweke dozi, siku, na kinachokwamisha.

Naanza na ratiba ya arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa nikotini, maana wengi wanarudi kwa kutoijua. Nikotini kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ndiyo sababu mvutaji huamka mwili unadai: usiku kucha haujalishwa. Ukikata kabisa, siku ya 2 na ya 3 ndizo kali: hasira za bure, kichwa, usingizi wa mang'amung'amu, kutotulia sehemu moja. Kati ya wiki ya 2 na ya 4 sehemu kubwa huwa imeondoka. Njaa ndiyo king'ang'anizi, inaweza kukaa miezi miwili na zaidi.

Kwa hiyo usianze Ijumaa. Siku ya 2 itakuangukia Jumamosi jioni, uko na wenzako na bia mezani. Anza Jumatatu, siku mbaya zikukute kazini.

Na hamu ikija, ujue ni wimbi. Dakika 3 hadi 5, mara chache 10, limepita. Kunywa maji kwa funda ndogondogo, toka ulipo, piga simu. Unachotafuta ni dakika tano tu, si ushujaa wa maisha.

Duka la Dawa Kona

Naongezea upande wa dawa. Maduka madogo mengi hayaweki, ulizia maduka makubwa ya mjini.

Kosa la kwanza la bigijii ya nikotini ni kuitafuna kama bigijii. Tafuna taratibu, mara kumi hivi, mpaka uhisi ukali kama wa pilipili manga au ganzi kidogo. Hapo simama. Ibanze kati ya shavu na ufizi. Ukali ukipotea, kama dakika moja, tafuna tena kidogo kisha ihamishie shavu la pili. Baada ya nusu saa imemaliza kazi, itupe. Nikotini inatakiwa ipenye kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ukitafuna mfululizo unaimeza na mate, inakuja kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, halafu mtu anasema dawa ni feki. Kahawa, soda, juisi ya ukwaju au ya machungwa: acha dakika 15 kabla, na usinywe ikiwa mdomoni. Uchachu unazuia nikotini kupenya.

Kipimo: anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa tangu kuamka, mg 4. Anayechelewa zaidi ya hapo, mg 2. Wiki 6 za mwanzo ni moja kila saa 1 hadi 2, wiki ya 7 hadi ya 9 kila saa 2 hadi 4, wiki ya 10 hadi ya 12 kila saa 4 hadi 8. Zisizidi 24 kwa siku. Kosa la pili ni ubahili: aliyekuwa anamaliza pakiti anatafuna tatu kwa siku, siku ya nne amerudi.

Plasta ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi: anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku anaanza na mg 21 kwa wiki 6, kisha mg 14 wiki 2, kisha mg 7 wiki 2. Wa 10 kushuka chini anaanza na mg 14. Joto la Dar au Mombasa linaibandua, kwa hiyo oga, jifute mpaka ukauke, bandika juu ya mkono au kifuani pasipo na nywele, kandamiza kwa kiganja sekunde 10 na zaidi. Kesho badilisha mahali, ngozi isiwashe. Ndoto za ajabu zikikusumbua, ivue unapolala. Plasta ya kutwa pamoja na bigijii ya dharura huwa na nguvu kuliko kimojawapo peke yake.

Vidonge, yaani vareniclini na bupropioni, ni vya kuandikiwa na daktari, na vinaanzwa wiki moja hadi mbili kabla ya siku ya kuacha. Mwenye kifafa asiguse bupropioni. Mjamzito, na aliyepata shambulio la moyo karibuni, aonane na daktari kabla ya kununua chochote nilichotaja.

Mdogo wa Pwani

Mkuu, na anayevuta tano tu kwa siku ila ya kwanza anaivutia kitandani?

Duka la Dawa Kona

Mg 4. Kwenye bigijii angalia saa ya sigara ya kwanza, usihesabu vipande.

Kahawa Tungu

Kuna kitu hakisemwi. Moshi wa sigara hulifanya ini liichome kafeini haraka. Ukiacha, kasi hiyo inashuka ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vya kijiweni vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, mtu anasema "arosto imenizidi" kumbe ni kahawa. Kata nusu kuanzia siku ya kwanza, na baada ya saa tisa alasiri achana nayo.

Jambo hilohilo lipo kwenye dawa. Wanaotumia aminofilini au theofilini kwa pumu, klozapini au olanzapini kwa maradhi ya akili, na wafarini ya kuzuia damu kuganda, wamwambie daktari kabla ya kuacha, dozi huenda ikahitaji kushushwa. Mwenye kisukari anayechoma insulini apime sukari mara nyingi zaidi. Na plasta haibadilishi hilo, maana kinacholisukuma ini ni moshi, nikotini haihusiki.

Lindo la Usiku

Mimi nagusa mazingira. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, toa vyote: kiberiti, kibiriti cha gesi, kisahani cha majivu, na ile sigara moja ya "akiba" kwenye koti la mvua. Kibanda kinachouza moja moja kando ya kituo ndicho adui mkubwa, kwa sababu hakikulazimishi kununua pakiti. Shuka kituo kimoja kabla au vuka barabara. Inaonekana ni utoto, lakini mguu una mazoea kuliko kichwa.

Wanaotafuna miraa au muguka: vikao hivyo na fegi ni ndugu wa tumbo moja. Kaa nje ya kikao mwezi mzima, vinginevyo unajidanganya. Bia vilevile, wiki tatu za mwanzo.

Walinzi na madereva wa usiku wanavuta ili wasisinzie, na saa tisa hadi kumi na moja ndiyo hatari. Chukua karanga zenye maganda, zilizomenywa hazifai. Kumenya kunashughulisha vidole vilevile viwili vilivyozoea kushika sigara. Karoti na kijiti cha mdalasini pia vinafaa.

Bwana Daku

Kwa wanaofunga, Ramadhani ni nafasi. Huku kwetu ni zaidi ya saa 13 bila kitu kila siku, na mvutaji anazimudu. Anapoharibikiwa ni dakika kumi baada ya futari, pale kahawa inapomiminwa. Fungua kwa tende na maji, nenda moja kwa moja ukaswali magharibi, rudi ule, piga mswaki, kahawa iache. Tarawehe itakusogeza hadi saa tatu usiku. Kinachobaki cha kulinda ni muda wa kabla ya kulala tu. Bigijii mchana inafunguza. Plasta wapo wanazuoni wanaosema haifunguzi kwa kuwa inapita kwenye ngozi, muulize shehe wako.

Mwanzisha uzi

Shukrani wakuu. Na baada ya hapo maisha yakoje? Mapigo ya moyo yanaanza kushuka ndani ya dakika 20. Siku moja au mbili, ile hewa chafu ya kaboni monoksidi imetoka kwenye damu, na wiki chache baadaye ngazi zinaanza kupandika kwa urahisi zaidi. Ladha na harufu zinarudi: mchuzi uleule unauona umejaa chumvi, na shati la juzi kabatini linanuka moshi.

Yasiyopendeza nayo yapo. Kikohozi kinaweza kuzidi wiki za mwanzo, kwa sababu vinyweleo vya njia ya hewa vimeamka na vinafagia. Ila kikohozi cha wiki mbili na zaidi, chenye homa, jasho la usiku au damu, peleka kohozi likapimwe TB, usikisingizie sigara. Choo kigumu: papai, mboga, maji. Uzito huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, na chapati za usiku ndizo zinazochangia kuliko watu wanavyokubali. Kwa upande wa pili, baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inakuwa nusu ya mvutaji, na ya saratani ya mapafu inafika nusu kwenye mwaka wa 10.

Mdogo wa Pwani

Shisha je, kama ngazi ya kushukia?

Lindo la Usiku

Hapana. Maji yanapoza moshi tu, nikotini na kaboni monoksidi vinapita. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017. Ugoro na kuberi ni tumbaku ileile kwa mlango mwingine.

Duka la Dawa Kona

Ukiteleza ukavuta moja, usivue plasta na usihesabu umeanza upya. Tupa zilizobaki, andika saa na mahali, kesho uwe na bigijii mfukoni saa hiyohiyo. Na plasta iliyotumika ikunje upande wa gundi ndani kabla ya kuitupa. Bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto.