Naomba ushauri: mwani gani wa kupamba akwariamu ya maji ya bahari yenye samaki aina ya kangaja na tasi?

Pwani_Dar (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina akwariamu ya maji ya bahari sebuleni hapa Dar, sentimita 150 kwa 50 kwa 60, yaani lita 450 kabla hujatoa nafasi ya mawe na mchanga. Ndani wamo kangaja wawili: Zebrasoma desjardinii ambaye bado hajakua, na Ctenochaetus truncatus. Yumo tasi mmoja wa madoa, Siganus stellatus, na jozi ya samaki wa anemone. Mawe yamekomaa, matumbawe laini yapo machache.

Ninachotamani ni bustani ya mwani. Matumbawe magumu sina haja nayo. Nataka kijani kinachoyumba na mkondo na, ikiwezekana, wekundu kidogo. Tatizo ni hao samaki. Gracilaria nyekundu niliyoiweka jioni, asubuhi nilikuta vikonyo vimeshikilia jiwe. Samaki siwatoi, nimewalea tangu wadogo na watoto wamekwisha kuwapa majina.

Vipimo: joto nyuzi 27, chumvi 35 kwa elfu, naitreti 10, fosfeti 0.08, kalsiamu 400, alkalini 8 dKH (kipimo cha kaboneti majini). Taa ni za LED, zinawaka saa tisa kwa siku. Tangi la chini lipo ila ni dogo, lina skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) na pampu tu.

Je, kuna mwani wasiougusa kabisa? Au niachane na wazo hili?

Mzee wa Mwambani

Mkuu, usiachane nalo. Ila kabla ya kutaja jina la mwani, watazame samaki wako wanavyokula, maana hao watatu hawafanani.

Ctenochaetus ana meno mengi membamba ya kukwangulia. Anakusanya utando na vumbi la chakula juu ya mawe na mchanga, majani ya mwani hayamhusu sana. Huyo ni msaidizi wako, kwa sababu anafuta ukungu unaoota juu ya mwani wa mapambo. Zebrasoma ana mdomo uliochongoka, anang'ata na kukata, na anapenda zaidi mwani laini na ule wa nyuzinyuzi. Tasi ndiye mwenye kazi nzito: atajaribu karibu kila kilicho laini, na akikizoea anarudi kila asubuhi.

Kwa hiyo mwani usioguswa na samaki yeyote haupo. Upo unaowachosha. Mwani unajilinda kwa njia tatu: kujijaza chokaa mwilini, kubeba kemikali chungu, au kuwa mgumu wa kutafuna. Unaounganisha mbili kati ya hizo ndio wa kuanza nao, na kwangu huo ni Halimeda. Ni ule wa vijisahani vya kijani vilivyoungana, unauona sana kwenye majani ya bahari ukitembea maji yakiwa yametoka. Una chokaa ndani na una kemikali ambazo samaki wengi hawazipendi.

Kuna jambo moja la Halimeda ambalo nakuomba ulitazame mwenyewe. Usiku, kangaja wakiwa wamelala, hutoa vijisahani vipya kwenye ncha. Ukimulika kwa tochi utaviona vimepauka, karibu vyeupe, laini kabisa. Wakati huo bado havina chokaa, hivyo kinga yake iko kwenye kemikali, ambayo katika vijisahani vichanga huwa nyingi kuliko katika vile vilivyokomaa. Kukikaribia kupambazuka vinajaa ukijani, kisha chokaa huanza kujengeka. Yaani sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote inaota saa ambazo walaji hawapo. Nimekaa na bahari miaka mingi na jambo hili bado linanifurahisha.

Gharama yake ni kwamba inakula kalsiamu na alkalini. Kwako 400 na 8 zinatosha kuanzia, lakini pima kila wiki, zitaanza kushuka ikishika kasi. Ukitaka kuongeza kwa maji ya chokaa, tumia hidroksidi ya kalsiamu iliyo safi, ya daraja la chakula. Ile chokaa ya kupakia ukuta usiitie ndani, hujui imechanganywa na nini. Na udondoshe polepole, usiku, kwa sababu inapandisha pH.

MtotoWaNyali

Naunga mkono Halimeda. Kwa rangi ya waridi ongeza zile nyekundu zenye chokaa, Amphiroa na Jania. Haziyumbi na mkondo, lakini hata tafi, yaani huyo tasi wako, atazing'ata kidogo na kuziacha.

Utasikia watu wakikushauri mwani wa kahawia. Dictyota kweli ina kemikali na samaki wengi wanaipita, tena baadhi yake zinang'aa rangi ya samawati majini, zinavutia sana. Lakini kipande kikikatika kikashika jiwe jingine, kinaota hapo, na baada ya muda huna bustani, una magugu yaliyofunika matumbawe yako laini. Mimi singeiingiza. Turbinaria ni ngumu na ina miiba, ila inataka mwanga mkali na mkondo wa nguvu, na kwenye matangi mengi hudhoofika ikaisha. Na kama una mpango wa kuongeza puju (Naso), jua kwamba hao ndio walaji wa kahawia: Naso wanakula Sargassum na Turbinaria ambazo wenzao wanazikwepa.

Jambo jingine: usiende kuchuma popote. Huku kwetu Kenya, ndani ya hifadhi za taifa za bahari, kama ile ya Mombasa au Kisite, huruhusiwi kutoa chochote. Kwenu Dar, visiwa vya Bongoyo na Mbudya navyo ni hifadhi. Hata nje ya hapo uliza ofisi ya uvuvi kwanza.

BintiJambiani

Habari zenu. Nimeona mwani nikaingia, kwa sababu nyumbani ndiyo kazi yetu. Mama na shangazi zangu wanalima huku kusini mashariki mwa Unguja, kilimo ambacho kimekuwapo Zanzibar tangu 1989.

Kaka Pwani_Dar, usije ukashawishika kupamba na mwani wa kilimo, spinosum au kotoni. Ni mzuri kuutazama, lakini tasi ni adui wa shamba. Ukitembea kwenye kamba maji yakitoka unajua palipopita tasi: ncha zote changa zimekatwa, limebaki shina nene lenye makovu meupe. Wavuvi nao wanalijua hilo, ndiyo maana wapo wanaotia mwani kwenye dema kama chambo. Sasa huyo uliyenaye yuko ndani na mwani hauna pa kukimbilia.

Mimi ningeugeuza. Mwani wa kilimo uwe chakula chao. Ukipata mbichi, suuza kwa maji ya chumvi, toa kaa wadogo na konokono waliojificha kwenye matawi, funga kwenye jiwe dogo na uweke upande ule ule kila siku. Samaki anajua chakula chake kiko wapi, anapunguza kuzurura kwenye bustani yako. Usipopata mbichi, nori ya dukani isiyo na chumvi wala mafuta inafaa, ibane kwenye kibanio asubuhi mapema kabla hawajaanza kutafuta.

Mswahili wa Maskati

Asalaam alaykum. Dada Jambiani amesema kweli, lakini samaki aliyeshiba bado anadonoa. Kangaja baharini anakula kutwa nzima, ndiyo tabia yake. Kulisha kunapunguza hasara, hakuiondoi. Ndugu yetu anataka wekundu unaoyumba, na huo kwa tasi hautadumu isipokuwa nyuma ya kizuizi.

Mimi nimegawa tangi langu kwa akriliki yenye matundu, theluthi moja ni ya mwani peke yake. Ukikaa kwenye kochi unaona bustani na samaki kwa pamoja. Upande wa mwani nina Gracilaria, Halymenia na Botryocladia, zote zile ambazo kangaja angezimaliza. Taa ya upande huo inawaka usiku taa kubwa ikizimwa, na hilo linasaidia pH isishuke sana usiku, kwa sababu mwani unaendelea kutumia hewa ya ukaa. Kila ninapopunguza majani, yaliyokatwa yanakwenda kwa samaki. Hivyo mwani uleule ni pambo, ni chujio, na ni chakula.

Caulerpa naomba uiepuke. Inaota haraka na inauzwa kirahisi, lakini ina tabia ya kutoa mbegu zote kwa mkupuo: mmea mzima unapauka, unayeyuka, maji yanakuwa kama maziwa na oksijeni inashuka. Na usithubutu kumwaga mabaki yake baharini wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Caulerpa taxifolia ilionekana pwani ya Monaco mwaka 1984 ikasambaa Mediterania, na mwaka 2000 ikakutwa California, ikabidi wafanye kazi ya miaka kuiondoa.

Mzee wa Mwambani

Nakubaliana na Maskati kwa yote. Niongeze mawili. Kwanza, Pwani_Dar, usishushe naitreti yako hadi sifuri kwa kudhani ndiyo usafi. Mwani unaishi kwa hiyo 10 na hiyo 0.08. Ukiona unapauka wakati mwanga upo, angalia kama naitreti imekwisha kabla ya kulaumu samaki.

Pili, na hili naomba ulifikirie kwa uzito: desjardinii anafika sentimita 40, na tasi wako naye ukubwa wake ni huohuo. Sentimita 150 zinawatosha leo, hazitawatosha wakikua. Panga mapema watakwenda wapi, iwe tangi kubwa zaidi au kwa mtu mwenye nafasi.

Pwani_Dar

Wakuu, dada, shukrani sana. Nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. Suala la ukubwa nimelipokea, nitaongea na nyumbani tuone kama tutapata nafasi ya tangi la futi nane.

Nimeamua hivi: Halimeda na Amphiroa kwenye tangi kubwa, chakula cha asubuhi upande wa kulia kila siku, na nyekundu laini zitengwe. Ila akriliki ya kugawa inanitia wasiwasi, kwa kuwa silikoni haishiki kioo chenye maji na sitaki kumwaga tangi lote. Naweza kutengeneza tangi dogo la lita 60 likae ubavuni, juu kidogo, maji yapande kwa pampu iliyopo na yarudi yenyewe tangi la chini? Na Halimeda niiweke lini, samaki wakiwa tayari wamo?

Mswahili wa Maskati

Inawezekana, na kwa hali yako ni bora kuliko kugawa. Fundi vioo yeyote anayetengeneza akwariamu atakutobolea. Bomba la kurudisha maji liwe pana kuliko la kupandisha, mfano milimita 32 kwa 20, na mdomoni mwake weka kichujio cha matundu makubwa, kwa sababu jani moja lililokatika linaweza kuziba na maji yakamwagika sebuleni. Kisafishe kila wiki.

Bomba la kupandisha maji lisizame chini. Liishie karibu na uso wa maji, vinginevyo umeme ukikatika maji yatavutwa kurudi na tangi la chini litafurika. Zima pampu kwa makusudi siku ya kwanza, ukiwa umesimama hapo, uone yanashuka mpaka wapi.

Halimeda ianzie kwenye hilo dogo. Iache ishike mawe yake, itoe matawi mapya, ndipo uhamishe jiwe zima kwenye tangi kubwa, jioni taa zikishazimwa. Iliyokwisha kushika jiwe inavumilia kudonolewa. Iliyofungwa kwa uzi tasi ataing'oa.