Video ya nikaha Mikindani imegoma kufunguka na kukonveti, msaada wakuu

Shangani Pikcha (Mtwara)

Habari za wakati huu wakuu. Napiga video za harusi hapa Mtwara mjini. Jumamosi nilikuwa Mikindani kwenye nikaha, kamera ikiwa kwenye umeme wa ukutani kwa sababu shughuli ilikuwa ndefu. Sheikh amemaliza khutba, bwana harusi ameitikia, watu wanapeana mikono, umeme ukakatika na kamera ikazima hapohapo.

Faili lipo kwenye kadi, lina gigabaiti 11. VLC, programu ya kuchezea video, inaonyesha 00:00 halafu kimya. HandBrake, ya kukonveti (kubadili video iwe faili la aina nyingine), haioni video yoyote ndani yake. FFmpeg, ya kazi hiyohiyo kwa kuandika amri, nayo inakataa kukonveti na kutoa mstari huu: "moov atom not found". Vipande vingine vyote vya siku hiyo vinafunguka bila shida.

Kilichogoma ndicho chenye ndoa yenyewe. Baba wa bibi harusi yupo Oman, mdogo wake ndiye aliyeozesha kwa niaba yake, na mzee ameniomba kipande hicho tu. Kadi nimeitoa kwenye kamera na sijaigusa tena. Nifanyeje?

Kijana wa Chuno

Mkuu, badilisha .mp4 iwe .avi, VLC itakuuliza kama irekebishe, wewe kubali. Ikishindikana lipandishe kwenye zile tovuti za kurekebisha video.

Fundi Ligula

Kijana, hiyo ya VLC inasaidia AVI halisi iliyoharibika faharasa. Ukibadilisha jina tu, kilichomo ndani kinabaki MP4 ileile.

Shangani, pole sana, ila ujumbe uliopata ni mzuri kuliko unavyodhani. Faili la MP4 lina sehemu kuu mbili. Ya kwanza inaitwa mdat, ndiyo iliyobeba picha na sauti. Ya pili ni moov, inayoeleza kila fremu (picha moja moja ya video) inaanzia wapi, ina ukubwa gani na ionyeshwe sekunde ya ngapi. Kamera nyingi huandika moov mwishoni kabisa, ukishabonyeza kusimamisha. Kwako umeme uliwahi kabla ya kitufe. Yaani korosho zote zimo ghalani, ila stakabadhi haikuandikwa. Ndiyo maana kukonveti hakusaidii hata ubadilishe programu kumi: kila moja inaanza kwa kutafuta moov.

Fanya hivi. Nakili faili bovu kwenye kompyuta, na kadi uiweke pembeni, usirekodi kitu juu yake wala usiifomati. Chukua kipande kizima cha siku hiyohiyo, kamera hiyohiyo, mpangilio uleule wa ukubwa wa picha, fremu kwa sekunde na kodeki (njia ya kubana video). Kikitofautiana hata kimoja kati ya hivyo, kazi inaweza kuharibika. Kisha tafuta programu ya untrunc, ni ya bure na ipo kwenye tovuti ya GitHub, Windows ina toleo lenye vitufe. Unaipa faili zima kwanza, bovu la pili:

untrunc nzima.mp4 bovu.mp4

Inasoma mfano kwenye lile zima, inapekua mdat ya lile bovu fremu kwa fremu, na kuandika moov mpya. Litatoka faili jipya lenye "_fixed" kwenye jina, lile la asili halibadiliki. Hakikisha diski ina nafasi ya gigabaiti nyingine 11 na zaidi.

Dada wa Kamera, Lindi

Naongezea kuhusu hizo tovuti. Kaka, usipeleke huko. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 11 zinachukua zaidi ya saa 12 kupanda, na bando lote linaishia hapo. Kubwa zaidi, ile ni nyumba ya watu. Kina mama wamekaa ndani kwa uhuru wao wakijua mpiga picha ni mtu wa kuaminika, halafu sura zao zikae kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua? Mimi kazi ya mteja haitoki mkononi mwangu, hata iwe imeharibika vipi.

Na wenye GoPro au droni za DJI, kabla ya yote rudisha kadi kwenye kifaa kilekile uwashe. Mara nyingi kinagundua faili halikufungwa na kulimalizia chenyewe.

Shangani Pikcha (Mtwara)

Wakuu, imefunguka! Nimetumia kipande cha kuwasili kwa bwana harusi kama mfano. Picha imerudi yote, na pale walii (yule mdogo wa baba) anaposhika mkono wa bwana harusi na kutaja mahari, mpaka watu wanapeana mikono, taa ya ukumbini inazimika na video inakata. Nimeangalia mara mbili nikiwa nimesimama.

Limebaki moja. Sauti inaanza sawa, ila kadiri video inavyoendelea midomo inaachana na maneno. HandBrake sasa inakonveti, lakini kasoro inabaki.

Fundi Ligula

Alhamdulillah. Usikonveti kwanza, kasoro itaingia humohumo. Litoe hivi, haligusi ubora wa picha:

ffmpeg -i bovu_fixed.mp4 -c copy safi.mp4

Jina liandike kama lilivyotoka kwako. Kama sauti bado inachelewa, ifungue kwenye programu ya kuhariri, itenganishe na picha, uivute mpaka neno "nimekubali" likae kwenye mdomo wa bwana harusi, kisha uangalie mwisho kama imekaa. Ikiwa mwisho imepishana, nyoosha urefu wa sauti kidogo, picha usiiguse. Na kama kuna mgeni aliyerekodi kwa simu, omba sauti yake, itakuonyesha kila neno lilikuwa wapi.

Shangani Pikcha (Mtwara)

Mdogo wa bibi harusi amerekodi, ananitumia leo jioni. Nikishamaliza nampelekea mzee Oman kabla sijaanza kuhariri sherehe nyingine zote.