Riwaya za karne ya 19: tuzisome vipi leo?

Swali
Wapenzi wasomaji, hamjambo. Kila ninapojaribu kusoma riwaya za karne ya 19, hukwamishwa na mambo mawili: maelezo marefu yanayochelewesha kisa, na maneno ya dharau juu ya watu wa dini au rangi fulani, ambayo hunikata hamu kabisa. Je, ni halali kuziruka sehemu hizo, na je, ni haki kuwahukumu waandishi hao kwa vigezo vyetu?

Jibu la kwanza
Ndugu, kuhusu urefu, kumbuka jinsi riwaya hizo zilivyomfikia msomaji wake wa kwanza. Great Expectations ya Charles Dickens ilitoka kila wiki katika jarida, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, kwa hiyo msomaji alisoma sehemu fupi, kisha akangoja siku saba akiwaza yatakayofuata. Katika hali hiyo mhusika angesahaulika upesi, na nadhani ndiyo sababu wakili Jaggers hatajwi bila alama zake: hung'ata kidole cha shahada, na kila amalizapo shughuli na mteja hunawa mikono kwa sabuni yenye manukato, kana kwamba anamwosha mteja mwenyewe. Ukikimeza kitabu kizima kwa siku mbili, marudio hayo lazima yakuchoshe. Soma sura mbili, kiweke, kisha ukirudie baada ya siku kadhaa.

Jibu la pili
Mimi ningeruka bila kuona haya, mradi nirudi baadaye. Baadhi ya sura za nyangumi katika Moby-Dick (1851), riwaya ya Herman Melville kuhusu uwindaji wa nyangumi, hunoga zaidi kisa kikishajulikana.

Jibu la tatu
Suala la dharau ni zito zaidi, na sikubali jibu la mkato kwamba "zama zile wote waliona hivyo". Mwaka 1863 Eliza Davis, mwanamke Myahudi, alimwandikia Dickens kumlalamikia jinsi alivyomchora Fagin, Myahudi anayewafunza watoto wizi katika riwaya yake Oliver Twist. Mwanzoni Dickens alijitetea, lakini katika toleo la 1867 aliondoa sehemu nyingi ambamo Fagin aliitwa "Myahudi" badala ya jina lake. Kwa hiyo walioumizwa walikuwepo wakati uleule, wakasema, na mwandishi akasikia. Hukumu yako, ndugu, haikuanza leo. Kabla ya kuanza Oliver Twist, soma utangulizi wa nakala yako, kwa kuwa baadhi ya matoleo hufuata maandishi ya awali na mengine yale yaliyorekebishwa.