Ushauri: riwaya ya upelelezi imenikwamia, niendelee au niache?

Mpigakalamu: Wakuu, habari za muda. Naandika riwaya ya upelelezi, nimekwama karibu na mwisho. Hakuna aliyeiona bado. Je, watu bado wanasoma hadithi za mauaji na mafumbo, au zama zake zimepita? Silali vizuri.

Mzee_wa_Kiko: Zama gani hizo? Mwandishi Edgar Allan Poe alimleta mpelelezi Dupin mwaka 1841, mtu wa kujifungia gizani na kufikiri kuwashinda polisi wa Paris. Conan Doyle alimuua mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, mwaka 1893, wasomaji wakalalamika, na mwaka 1903 akamrudisha. Kwa Kiswahili tuna mpelelezi Bwana Msa wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Andika, kijana.

Bintihadithi: Marehemu baba alikuwa akitusomea, akifika sura ya mwisho anafunga kitabu: "Nani kaua?" Tunabishana hadi mama anakuja kutufukuza tukalale. Jina la muuaji nilikuwa nalisahau, ule ubishi sijausahau.

Mja_wa_Haki: Mimi naona mnawafundisha vijana kuua. Andika kitu cha kujenga.

Kitanzi: Mtoa uzi, umekwama wapi hasa? Muuaji ni nani?

Mpigakalamu: Hilo siwezi kulimwaga hadharani.

Kitanzi: Basi tukushauri nini?

Mpigakalamu: Haya. Ni pacha wa marehemu. Tatizo ni kwamba hajatajwa popote tangu mwanzo. Lakini nataka msomaji apigwe butwaa, akimjua mapema utamu umekwisha. Isitoshe wasomaji wangu wanasubiri sura ya mwisho Ijumaa, siwezi kurudi nyuma.

Mzee_wa_Kiko: Pacha! Ronald Knox, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliliweka wazi kwenye kanuni zake za mwaka 1929: mhalifu atajwe mapema, na mapacha wasizuke bila msomaji kuandaliwa. Msomaji wa fumbo anashindana na mpelelezi. Ukimnyima ushahidi, umemwibia. Anachotaka ni kujipiga kichwa na kusema, "Mbona nililiona nikapita?"

Msomaji_Usiku: Ngojeni kwanza. Mwanzo amesema hakuna aliyeiona. Sasa ana wasomaji wa Ijumaa. Hii chai.

Mja_wa_Haki: Nilijua tu. Hakuna riwaya hapa.

Kitanzi: Labda ni kazi ya darasani anataka tumfanyie.

Mpigakalamu: Si chai jamani. Nilimaanisha mchapishaji hajaiona. Nawatumia watu sura moja moja kwenye kundi la WhatsApp. Kipande cha sura ya 3 hiki hapa: "Ukutani palikuwa na picha ya marehemu akiwa mtoto. Upande wa kushoto ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na begani mwake ulibaki mkono mdogo wa mtu mwingine."

Msomaji_Usiku: Mkono wa nani huo?

Mpigakalamu: Wa yeyote tu. Niliuweka kupamba sebule.

Msomaji_Usiku: Nafuta neno langu la chai. Pacha wako yumo humo tangu sura ya 3, mkuu! Wasomaji wako wote wameuona huo mkono.

Mzee_wa_Kiko: Hapo sawa. Ila usimfichue Ijumaa hii. Ongeza sura moja katikati, mtu aulize nani aliikata picha, na mjane ajibu haraka mno.

Mpigakalamu: Wataning'ang'ania, niliwaahidi mwisho.

Bintihadithi: Waache wabishane wiki moja zaidi. Na mimi niunge kwenye hilo kundi.